Gundi kwanza, resini baadaye: Siri ya kuhifadhi kitambaa, ua na karatasi bila kuviharibu

YEYOTE aingiaye katika Soko la Kenyatta jijini Nairobi hulakiwa na mambo matatu: harufu ya nyama choma, vidole vya wasusi vinavyokwenda mbio vichwani mwa wateja, na mlio wa cherehani za mafundi wa nguo.

Chini ya cherehani hizo huanguka vipande vya vitenge vya kila rangi. Wengi huviona kuwa taka za kufagiwa jioni. Hata hivyo, kwa anayeifahamu kazi ya resini, kimiminiko ambacho huganda na kuwa kigumu na chenye kupenyeka macho mithili ya kioo, kipande hicho kinaweza kuwa kipuli cha sikio, pambo la kuning'iniza funguo, au kumbukumbu ya vazi lililovaliwa siku ya arusi.

Resini inayouzwa kwa ajili ya kazi za mikono huja katika chupa mbili: moja ya resini yenyewe na ya pili ya kigandishi. Viwili hivyo vikichanganywa kwa kipimo kilichoandikwa na mtengenezaji, huanza kushikana, hutoa joto, kisha huganda. Kitu chochote kilichowekwa ndani ya kalibu kabla ya kumiminiwa mchanganyiko huo hubaki humo kikionekana pande zote.

Hapo ndipo wengi huingiwa na pupa. Mtu hukata kitambaa, hukitumbukiza moja kwa moja ndani ya resini, kisha hulala akitarajia mapya ya kesho. Kukipambazuka hukuta sehemu nyeupe za kitambaa zimekuwa kama zilizolowa mafuta, mabaka meusi yametapakaa, na viputo vya hewa vimejipanga kando ya nyuzi kama shanga.

Kufikia wakati huo, maji yamemwagika na hayazoleki. Resini ya aina hii ikishaganda haiyeyuki tena kwa kupashwa moto kama ifanyavyo nta ya mshumaa. Kilichomo ndani hakitoki ila kwa kuvunjwa. Iwapo ni kipande kilichookotwa sakafuni, hasara ni ndogo. Lakini iwapo ni ukanda aliofungwa mtoto mkononi siku aliyozaliwa katika hospitali iliyo jirani na soko hilo, au kipande cha leso ya mama aliyefariki, hasara hiyo haina fidia.

Kinga ya balaa hilo haimo ndani ya chupa ya resini. Imo katika gundi nyeupe ya kawaida, ile ambayo wanafunzi hubandikia karatasi na maseremala huungia mbao.

Hewa iliyojificha

Ili kuelewa kazi ya gundi, ni muhimu kwanza kufahamu kwamba kitambaa, karatasi, ua lililokauka, jani na ubao si vitu vilivyojaa. Vyote vina matundu madogo yasiyohesabika, na ndani ya matundu hayo mna hewa.

Resini ikimiminwa juu yake hupenya polepole ndani ya matundu hayo. Hewa iliyokuwamo hulazimika kutoka, nayo hutoka kwa umbo la viputo. Mwanzoni, resini ikiwa bado nyepesi, viputo hupanda juu na kupasuka. Baadaye resini huwa nzito kama asali, na viputo vinavyochelewa hunaswa humo milele.

Isitoshe, resini inapoanza kuganda hutoa joto. Hewa yoyote ikipashwa joto hutanuka. Ndiyo maana mtu anaweza kuiacha kazi yake ikiwa safi kabisa, akarejea baada ya saa moja na kukuta viputo vipya vimechipuka kutoka ndani ya kitambaa. Hakuna aliyekuja kuvitia. Vilikuwamo tangu awali vikisubiri joto.

Resini nyepesi inayotengenezwa kwa ajili ya kalibu zenye kina kirefu huganda taratibu zaidi. Sifa hiyo huipa nafasi ya kuachilia viputo vyake yenyewe, lakini pia huipa muda mwingi zaidi wa kupenya ndani ya kitambaa kisichozibwa.

Somo la karatasi ya mandazi

Jambo la pili ni mabaka na kule kuonekana kama kitu kilicholowa. Maelezo yake yamo katika karatasi ya gazeti iliyofungiwa mandazi ya moto. Pale mafuta yalipogusa, karatasi huacha kuwa nyeupe na maandishi ya upande wa pili huonekana.

Mafuta hayakuiongezea karatasi rangi yoyote. Karatasi huonekana nyeupe kwa sababu mwanga unapopita baina ya nyuzi zake na hewa iliyo katikati, hupinda na kutawanyika kila upande. Kiwango cha kupinda kwa mwanga katika hewa ni takriban 1.0, ilhali katika nyuzi za karatasi ni karibu 1.5. Tofauti hiyo ndiyo izaayo weupe.

Kiwango cha resini nacho ni karibu 1.5, au zaidi kidogo. Inapoifukuza hewa na kukaa mahali pake, ile tofauti hutoweka. Mwanga hupita moja kwa moja na weupe hufifia.

Kwa sababu hiyo, kipande cha gazeti chenye tangazo la tanzia kikitiwa katika resini bila kuzibwa, huweza kuonyesha pia tangazo la biashara lililochapishwa nyuma yake. Kitenge chenye maua meupe nacho hupoteza weupe wake, na rangi zilizobaki huwa nzito kuliko alivyozikusudia mwenye nguo.

Gundi hufanya nini?

Gundi nyeupe ni chembe ndogo sana za plastiki laini zilizoelea ndani ya maji. Plastiki hiyo ilitambuliwa mwaka 1912 na mwanakemia Fritz Klatte nchini Ujerumani. Resini za aina ya epoksi zilikuja baadaye, kutokana na kazi ya Pierre Castan wa Uswisi katika miaka ya 1930 na Sylvan Greenlee wa Marekani katika miaka ya 1940.

Gundi inapopakwa juu ya kitambaa, maji yake hukauka na chembe husogeleana hadi zikaungana na kuwa utando mmoja usio na tundu. Utando huo ndio mlango unaofungwa. Resini haiingii, hewa haitoki, na weupe uliomo ndani ya nyuzi hubaki ulivyokuwa.

Gundi hii ina fadhila nyingine: hujieleza yenyewe. Ikiwa mbichi huwa nyeupe kama maziwa. Ikikauka huwa wazi. Panapobaki weupe pana maji, na maji ni adui wa resini, kwani huifanya iwe na ukungu au igande vibaya.

Hata hivyo, gundi inaweza kugeuka kuwa chanzo cha maradhi yale yale inayotakiwa kuyatibu. Ikizimuliwa kwa maji mengi, hunywewa na kitambaa hadi ndani na kuifukuza hewa kama ambavyo resini ingefanya. Kitambaa au karatasi nyembamba basi huonekana imelowa hata kabla ya resini kuletwa. Kwa sababu hiyo, mahali ambapo weupe unahitajika, gundi isizimuliwe. Ipakwe ikiwa nzito, lakini kwa tabaka nyembamba.

Sandarusi ilitangulia

Wenyeji wa pwani ya Afrika Mashariki hawakungoja viwanda vya Ulaya ili kuona kitu kilichohifadhiwa ndani ya utomvu. Tangu kale wamefahamu sandarusi, utomvu mgumu wa rangi ya asali unaotokana na mti ambao wanasayansi huuita Hymenaea verrucosa.

Katika karne ya 19, sandarusi iliyochimbwa ardhini katika eneo la Mrima, pwani ya Tanzania ya leo, ilisafirishwa kupitia Zanzibar hadi Ulaya na Marekani, ambako ilitumiwa kutengeneza vanishi. Ndani ya baadhi ya vipande huonekana mchwa, mbu, nzi na buibui walionaswa utomvu ulipokuwa ukitiririka.

Wadudu hao wana jambo la kumfunza fundi wa leo. Ngozi ya mdudu imefunikwa kwa utando wa nta unaozuia maji, kwa hivyo maumbile yenyewe yalikuwa yamekwisha kumziba. Kitenge hakina nta ya namna hiyo. Fundi hana budi kukiongezea kile ambacho mdudu alizaliwa nacho.

Hatua za kufuata

Kwanza, kitu kikaushwe kabisa. Kitambaa kikiwa kimetoka kufuliwa, kianikwe na kupigwa pasi. Gundi hufunga mlango kwa hewa na kwa maji pia. Unyevu ukifungiwa ndani, utabaki ndani.

Pili, gundi ijaribiwe kwenye kipande ambacho hakina thamani. Kwa kitenge, kitambaa cheupe kilicholowanishwa kikandamizwe juu yake kwa dakika chache. Rangi ikihamia kwenye kitambaa cheupe, basi itahama pia ikipakwa gundi, na dawa nyingine itafutwe.

Tatu, gundi ipakwe kwa brashi laini upande wa mbele na kuachwa ikauke, kisha upande wa nyuma. Tabaka mbili au tatu nyembamba ni bora kuliko moja nene, kwani tabaka nene hukauka juu na kubaki mbichi chini. Kitu kilazwe juu ya karatasi ya nailoni ili kisigandamane na meza.

Nne, kingo zisisahaulike. Kosa linalowaponza wengi ni kupaka mbele na nyuma na kuacha ule ukingo uliokatwa kwa makasi. Hapo ndipo ncha za nyuzi zilipo, na kila uzi ni kama mrija mdogo wa kupitishia hewa. Viputo vinavyojipanga pembeni mwa kitambaa aghalabu vimetoka huko.

Tano, subira. Hata gundi ikionekana wazi, ni vyema kuiacha usiku kucha na mchana wake, hasa katika msimu wa mvua ndefu kati ya Machi na Mei, hewa ya Nairobi inapokuwa na unyevu mwingi.

Sita, resini imiminwe kwa awamu. Tabaka nyembamba hutangulia katika kalibu. Kitu hupakwa resini kidogo kwa brashi ili kusibaki hewa juu ya uso wake, hulazwa kwa kuinamishwa upande mmoja, kisha tabaka nyingine humiminwa juu. Resini nyingi ikimiminwa kwa mkupuo mmoja hutoa joto kali, na joto hilo linaweza kuulegeza utando wa gundi na kuiachilia hewa iliyofungwa.

Kwa karatasi au kitambaa chepesi sana, mafundi huongeza hila moja: hubandika karatasi nyeupe nyuma yake kabla ya kuziba. Hata resini ikipenya mahali padogo, weupe wa nyuma huficha dosari.

Picha na maandishi

Gundi nyeupe si dawa ya kila kitu. Kwa kuwa ina maji, huharibu picha nyingi zilizochapishwa kwa printa za wino wa maji. Wino hutiririka na uso wa mpendwa ukapotea mbele ya macho ya mwenye picha. Picha za zamani za studio nazo zina utando wa jelatini ambao huvimba ukiguswa na maji.

Ushauri ulio salama ni kutotumia picha asilia kamwe. Picha inakiliwe kwa printa ya leza, ambayo wino wake ni unga ulioyeyushwa kwa joto na hauogopi maji. Nakala ndiyo itiwe gundi na resini. Asilia irudi katika albamu.

Wapo wanaotumia rangi ya kucha isiyo na rangi, bidhaa ambayo haikosekani sokoni. Hiyo huziba vyema vitu vidogo, lakini viyeyushi vyake vinaweza kulainisha wino wa printa ya leza na kutawanya wino wa kalamu. Kwa ufupi, kinachookoa wino mmoja huangamiza mwingine, na njia pekee ya kujua ni kujaribu pembeni kwanza.

Gundi kali ya papo hapo nayo haifai. Inapokauka hutoa mvuke unaoacha vumbi jeupe juu ya kitu, na vumbi hilo huonekana wazi chini ya resini.

Maua, kahawa na shanga

Maua ndiyo yanayowavunja wengi moyo. Ua bichi lina maji mengi, na ukilipaka gundi unalifungia maji hayo ndani. Baada ya siku chache hugeuka hudhurungi likiwa ndani ya resini, na hakuna wa kulinusuru. Waridi la arusi au petali za jakaranda, ambazo hudondoka kwa wingi Nairobi mwezi wa Oktoba, sharti zikaushwe kwanza. Petali hubanwa katikati ya kurasa za kitabu kizito kwa majuma mawili au matatu. Ua zima hufukiwa ndani ya chembechembe za kufyonza unyevu. Kisha ndipo gundi hupakwa kwa mkono mwepesi.

Punje za kahawa zina ufa katikati unaohifadhi hewa. Zikipakwa gundi, ufa huo usiachwe nyuma, la sivyo kiputo kitatokea hapo hapo.

Kwa upande mwingine, sarafu, vifungo vya chuma na shanga za kioo havina matundu ya kunywa resini, na havihitaji gundi. Vinachohitaji ni kusafishwa kwa mafuta ya vidole. Lakini shanga ina tundu la uzi, na kombe la baharini lina pango ndani yake. Matundu hayo yajazwe resini kwa kijiti cha meno kabla ya kuviweka katika kalibu, vinginevyo hewa iliyomo itatoka kwa wakati wake na si kwa wakati wa fundi.

Ubao nao hufuata kanuni ile ile kwa njia tofauti. Maseremala wanaotengeneza meza zenye mkondo wa resini katikati ya mbao mara nyingi hupaka kwanza tabaka nyembamba ya resini yenyewe juu ya ubao, huiacha ishike, kisha humimina iliyobaki. Kiziba si gundi, bali shabaha ni moja: kufunga milango kabla ya mafuriko.

Baridi, moto na afya

Hali ya hewa ya Nairobi ina sauti yake katika kazi hii. Mwezi wa Julai, baridi inapokaza, resini huwa nzito na viputo hupanda kwa shida. Chupa zilizofungwa vizuri zikiwekwa ndani ya maji vuguvugu kwa muda mfupi kabla ya kuchanganywa, resini hulainika. Maji hayo yasiingie ndani ya chupa hata tone.

Kuhusu afya, resini ya epoksi ambayo haijaganda isiguswe kwa mikono mitupu. Huweza kuzusha mzio wa ngozi, na mtu akishaupata mzio huo aghalabu huwa naye maisha yake yote. Glavu ni lazima, na chumba kiwe na madirisha yaliyo wazi. Anayepiga msasa kitu kilichoganda avae barakoa madhubuti inayozuia vumbi.

Resini ya aina ya poliesta, ambayo harufu yake ni kali zaidi, ina kiyeyushi kinachoshika moto upesi na ambacho huweza kuulainisha hata utando wa gundi. Si ya kufunguliwa katika vibanda vilivyobanana, karibu na majiko ya makaa ya wachoma nyama.

Gharama ya kutojali

Bei ya gundi nyeupe ni ndogo mno ikilinganishwa na ya resini, na muda wa kuipaka ni wa dakika chache. Kinachowashinda wengi ni ile siku moja ya kungoja ikauke. Mfanyabiashara mwenye oda ya mapambo hamsini huona siku hiyo ni hasara, mpaka oda nzima inaporudishwa ikiwa na mabaka.

Kwa anayehifadhi kitu kimoja tu kisicho na mfano, hesabu ni nyepesi zaidi. Resini itakitunza kitu hicho kama kilivyo wakati wa kumiminwa: kikiwa kikavu na kilichozibwa, kitabaki hivyo, kikiwa na unyevu na matundu wazi, dosari hiyo nayo itahifadhiwa kwa uaminifu ule ule.

Ndiyo maana kabla ya kuitia leso ya mama ndani ya resini, busara ni kuanza na kipande cha kitenge kilichoanguka chini ya cherehani. Kitambaa hicho hakina mwenyewe wa kukililia. Kikikosewa, fagio la jioni litakichukua, na mwenye leso atakuwa amejua mapema ni wapi hewa ilipojificha.